Unene wa Penseli Moja

Nyumba ya Fundi ilipakwa rangi mara mbili tangu mjukuu azaliwe, na mara zote mbili mwimo wa kushoto wa mlango wa jikoni ulirukwa. Kuta ziling'aa, dari iling'aa, ule ubao mmoja ukabaki na wekundu wake wa zamani kama jino lisilopigwa mswaki. Jirani akiuliza kulikoni, Bibi alimjibu kwa kifupi.

"Huo hauguswi. Huo ni cheti cha mtoto."

Mtoto mwenyewe alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja viwili vya babu yake, ndiyo maana wakamwita Punje. Jina lake la kweli liliandikwa kwenye kadi ya kliniki na huko huko likabaki. Siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, muuguzi aliwaambia wasichoke kumpima. Sasa, kumwambia seremala apime ni sawa na kumwambia samaki aogelee. Tangu Punje aliposimama bila kushikwa, kila tarehe mosi asubuhi Fundi alimsimamisha kwenye ule mwimo, visigino vimegusa ubao, akamlazia rula ya chuma kichwani, akachora mstari na kuandika mwezi pembeni. Kisha alichomoa sikioni penseli yake ya kazi, ile pana iliyobapa, akailaza kati ya mstari mpya na ule wa mwezi uliopita.

"Penseli moja," alitangaza.

Kila mwezi ikawa hivyo. Penseli moja, pengine pungufu ya hapo kidogo. Bibi alizichoka hizo penseli moja-moja. Alikuwa amepika shuleni miaka thelathini, akilisha watoto mia nne kwa siku, na kwake yeye mtoto mwembamba ndani ya nyumba yake lilikuwa tusi. Alimpikia Punje uji mzito wa maziwa na karanga, akaumimina ungali unachemka kwenye makopo ya plastiki yaliyoletwa na binti yake, akafunika, na kila baada ya saa mbili alimwandama mtoto na kijiko huku na huku kama askari wa kodi.

Binti yake huyo, mama yake Punje, alishona mifuko ya mashati kiwandani siku sita kwa wiki. Mifuko tu, kola na mikono vilikuwa na wenyewe. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na kuonekana kwake nyumbani kulikuwa kama kwa mwezi mwandamo. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa Bibi kuanzia alfajiri mpaka jioni, na Bibi hakuwa na lalamiko lolote. Aliwahi kumwambia Mungu kwa sauti, huku akimenya viazi, kwamba kama huyu mtoto ndio pensheni yake basi amelipwa vizuri.

Halafu ukaja mwezi mmoja, penseli ikalazwa kati ya mistari miwili na nafasi ikabaki. Penseli moja na nusu. Mwezi uliofuata, mbili kamili. Bibi alipiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Uji wangu huo!" alisema. "Mlidhani nachezea mwiko?"

Toka siku hiyo hakuna mgeni aliyekunywa chai katika nyumba ile kabla ya kupelekwa kwenye mwimo kuoneshwa. Mbili, tena mbili, tena mbili na kidogo. Punje akawapita watoto wote wa mtaani waliozaliwa naye, hata yule wa muuza mkaa ambaye alizaliwa na uzito wa kutisha. Fundi peke yake alikuwa akijikuna kidevu.

"Ubao unaokauka haraka hupasuka," alisema asubuhi moja.

"Mjukuu wangu si ubao," Bibi alimjibu, na maneno yakaishia hapo.

Yalianza upya Jumapili moja karaini. Bibi alikuwa anamwogesha Punje, anamwimbia wimbo wake wa povu, mkono ukapita kifuani na kukutana na kitu. Uvimbe mdogo, mgumu kidogo, kama harage chini ya ngozi. Akapapasa upande wa pili. Nako kulikuwa na harage lake. Bibi alikuwa amelea, amelelea wenzake, na amekaa na watoto mia nne; alijua msichana huanza kuota kifua akiwa na umri gani. Huyu alikuwa hajafikisha hata miaka mitano. Wimbo ulimwishia mdomoni. Alimfunga taulo, akamwita binti yake, na kesho yake binti hakwenda kazini.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuna hata moja iliyoandika. Aliazima penseli ya Fundi. Alimpima Punje, akamtoa damu, akamtuma apigwe picha ya mkono wa kushoto. Picha iliporudi aliiinua dirishani, vidole vyeupe vikaonekana kwenye giza.

"Mtoto ana miaka minne na nusu," alisema. "Mifupa ya mkono wake inasema ana miaka saba."

"Si ndiyo kukua huko?" Bibi aliuliza, na mwenyewe alisikia jinsi sauti yake ilivyokosa nguvu.

"Samahani, mama yangu, nimesahau hata kukuamkia." Daktari alicheka kidogo, akaketi. "Nimechanganyikiwa kwa sababu habari yenyewe si nzuri. Mwili una matarishi wake. Tunawaita homoni. Huyu anapeleka habari kwamba kua, yule anapeleka habari kwamba subiri, bado. Kwa mtoto mdogo kama huyu, matarishi wa kike wanatakiwa wawe wamelala. Hapa kuna aliyebisha hodi kabla ya wakati. Mifupa imepata habari ya uongo, nayo inatii. Inakua haraka, na ikikomaa inafunga. Leo Punje anawapita wenzake wote. Ukubwani watampita wote, na mengine ya ukubwa yatamjia angali anacheza na mwanasesere."

Punje alikuwa anajaribu kuingiza kalamu zisizoandika kwenye soksi yake.

"Huyo tarishi wa uongo ametoka wapi?" Fundi aliuliza.

"Ndilo swali. Anaweza kutoka ndani, kwenye ubongo. Anaweza kutoka nje, kwenye chakula, vyombo, dawa, mafuta. Kama ni wa nje, tukimfukuza mapema mwili hurudi wenyewe. Kama hatumpati, nitamlaza, apewe dawa ya usingizi, apigwe picha ya kichwa, kisha pengine sindano kwa miaka. Mna kumbukumbu ya urefu wake? Nataka kujua mbio hizi zilianza lini."

"Ninayo," Fundi alisema. "Ila haipo kwenye karatasi."

Angeweza kunakili namba. Binti yake alimwambia hivyo njia nzima. Lakini Fundi alishika msimamo kwamba nakala hukosea na ubao haukosei, na asubuhi ya siku ya pili aling'oa mwimo, misumari akaiweka kwenye kopo, akautia begani. Wakafuatana mtaani wanne: Punje mbele na penseli ya babu yake sikioni, Fundi na ubao, binti, na Bibi nyuma akishika ncha ya mwisho isigonge watu.

"Fundi! Umefukuzwa ukaondoka na mlango wako?" fundi viatu alipiga kelele.

"Nimebakiza kitasa," Fundi alijibu, wala hakusimama.

Daktari hakucheka. Walipoulaza ule ubao sakafuni, alipiga magoti, akaisoma mistari kuanzia chini kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Penseli moja, moja, pungufu kidogo, moja. Kisha kidole chake kikasimama.

"Hapa. Kabla ya hapa mtoto anakua kama mtoto. Kuanzia hapa anakimbia. Ni miezi saba sasa. Mwezi huu nyumbani kulianza nini?"

"Plastiki!" Binti alilipuka, kama aliyekuwa akingoja kuhukumiwa. "Yale makopo. Mimi ndiye niliyeyaleta. Uji wa moto kila siku ndani ya makopo..."

"Mlianza lini kuyatumia?"

"Tangu alipoanza kula."

"Basi yaacheni. Kitu cha moto na plastiki havipatani, ni kweli, zipo zinazotoa kemikali za kuchezea homoni. Wekeni kwenye bakuli la bati au la udongo. Lakini hayakuanza mwezi huu, kwa hiyo si yenyewe yaliyoleta mbio hizi. Fikirini kingine. Mafuta? Krimu? Dawa ya nywele?"

"Tunampaka mafuta ya kawaida," binti alisema, na akamgeukia mama yake. "Si ndiyo, mama?"

Bibi alikuwa anautazama ule mstari. Aliujua mwezi ule kama anavyojua mafiga yake. Ilikuwa jioni, alikuwa amenyoosha mkono mezani achukue chumvi, na Fundi, kwa mzaha, alimpapasa kiwiko akasema, "Mke wangu, hiki kingenifaa karakana. Msasa umeniishia." Walicheka wote wawili. Bibi alicheka kuliko mumewe, kwa kuwa mzaha ule ulimchoma. Wiki ile ile shoga yake anayeuza vitambaa na vipodozi alimletea kikopo kidogo cheupe kisicho na maandishi, krimu ya kurudisha ngozi ya usichana, akamwambia usiulize imetengenezwa na nini, wewe paka. Akapaka. Mikono, shingo, kifua. Ngozi ikalainika kweli. Na kwa kuwa alilelewa kwamba mafuta hayatupwi, kila alipomaliza kujipaka alimwita Punje, akamfutia masalio ya viganjani mashavuni na tumboni. Mtoto aliupenda mchezo huo. Akisikia kifuniko kinafunguliwa alikuja mbio, fulana ameshaipandisha. Baadaye alilala usingizi wa mchana juu ya mkono ule ule, shavu kwenye ngozi.

Mumewe alikuwa amesimama hapo, na daktari, na binti. Bibi alikuwa na miaka sitini na mmoja, anajipaka vya usichana.

"Ya kawaida tu," alisema.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Bibi alirudi nacho nyumbani. Njiani aliapa atakitupa kile kikopo, mambo yaishe, na pasiwe na haja ya mtu kujua. Alipofika hakukitupa. Alikificha ndani ya debe la unga, halafu akawa hawezi kulisogelea debe.

Binti aliyatoa makopo yote nje. Alisahau, au hakutaka kukumbuka, kwamba daktari aliyaondolea lawama. Aliketi kizingitini, pembeni ya tundu lililoachwa na mwimo, akalia kwa namna ambayo Bibi hakuwa ameisikia tangu binti huyo akiwa na miaka saba.

"Mama, mimi nashona mifuko ya watu nikijua mwanangu anakula vizuri. Kumbe nilimletea sumu kwa mkono wangu."

"Daktari amesema si makopo, mwanangu."

"Basi ni nini? Niambie ni nini! Jumatatu wanamlaza."

Bibi alikwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Siku iliyofuata, saa ya kujipaka ilipofika, Punje alimfuata chumbani. Hakusikia kifuniko lakini saa yake aliijua. Akasimama mbele ya bibi yake, akapandisha fulana.

"Bibi, na mimi. Masalio."

"Hakuna leo, mama."

Punje alimchukua viganja vikavu, akavigeuza huku na huku, akavikagua. Kisha, kwa kuwa hakuona sababu ya mtu kunyimwa, alivibandika mwenyewe mashavuni mwake akavisugua. Bibi alivivuta kama aliyeungua. Mtoto alimtazama. Hakulia palepale; kwanza alishusha fulana yake polepole, akaiweka sawa, ndipo akalia.

Kilichomfikisha Bibi mwisho ni ile fulana. Alikwenda kwenye debe, akazamisha mkono ndani ya unga. Familia ilikuwa mezani, wanakula chakula cha mchana. Akaweka kikopo kati ya sahani, kimejaa vumbi jeupe, na mkono wake mweupe mpaka kwenye kiwiko.

"Hiki ndicho kilichoanza mwezi ule."

Binti alikifungua, akanusa. "Ni nini? Ulimpaka?"

"Masalio. Kila siku."

"Daktari alikuuliza. Mimi nikakuuliza. Ukasema ya kawaida."

"Nilisema uongo. Niliona haya."

"Haya za nini, mama? Mtoto anataka kulazwa apigwe picha ya kichwa, wewe unaona haya za nini?"

Bibi alimtazama mumewe mara moja, haraka, akatazama sahani. "Za viwiko," alisema.

Ilimchukua Fundi muda. Ndiye mtu wa kupima, lakini maneno yake mwenyewe alikuwa hajawahi kuyapima. Yalipomfikia aliweka kijiko chini.

"Ule msasa," alisema. "Ule msasa wangu?"

Binti alikuwa ameshasimama, mtoto amempakata, kikopo mkononi.

"Usimguse mwanangu," alisema.

Daktari alipokipeleka kikopo kupimwa, walikuta homoni ya kike imejaa tele, ya kumtosha mwanamke mzima na kusaza. Picha ya kichwa iliahirishwa. Alimwita Bibi peke yake.

"Mama yangu, sikiliza. Mikono yako haina kosa. Kosa lilikuwa limekaa juu yake, na sabuni imeliondoa. Mwambie na shoga yako akome kuuza. Sasa tungoje, tuone mifupa itasikia kwamba ile habari ilikuwa ya uongo. Miezi mitatu, minne. Na nakushukuru umesema. Wengi hawasemi."

Lakini daktari hakuwa mama wa mtoto. Binti aliomba likizo kiwandani, likizo ikaisha, akaomba nyingine bila mshahara. Hakumfokea mama yake. Alimwamkia asubuhi, akapokea uji uliopikwa na mama yake, kwenye bakuli la bati, akamlisha mtoto mwenyewe. Punje akikimbilia kwa bibi yake, aliitwa. Bibi akajifunza kukaa na mikono mapajani kama mgeni. Alinawa kabla ya kupika na baada ya kupika, alinawa akiamka, alinawa akipita tu karibu na maji, mpaka vidole vikapauka na viwiko vikarudia hali yake ya zamani, na zaidi.

Jioni moja Fundi alirudi kutoka karakana, akaketi kwenye benchi kando yake, akauchukua mkono wake bila kuomba. Akakiweka kile kiwiko ndani ya kiganja chake, kiganja chenye sugu na makovu ya patasi.

"Miaka thelathini na minane," alisema, "hiki ndicho kilichonilainisha. Mimi nilikuwa gogo. Nilipaswa kusema hivyo ile siku, nikasema upuuzi."

Bibi alilia, naye akamwachia alie, na alipomaliza Bibi alimwambia mumewe kwamba pua yake nayo ingehitaji msasa. Alimpiga kofi la bega. Alimpenda sana mwanamume huyu, na usiku ule, kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi, alilala mpaka asubuhi.

Mwimo ulirudishwa mahali pake na misumari yake ile ile. Tarehe mosi ya kwanza, Bibi alitoka nje asione. Penseli mbili kasoro kidogo, alisikia kupitia dirishani. Ya pili, moja na nusu. Maharage ya kifuani yalianza kunywea. Binti alimwambia hivyo akiwa amempa mgongo, anaosha vyombo, lakini alimwambia. Ya tatu, moja na robo. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba, anahesabu vibanio vya nguo ambavyo havikupotea.

Tarehe mosi ya nne alikuwa ameshafika mlango wa nyuma aliposikia anaitwa.

"Mama. Njoo uone."

Alikuja, akasimama mbali, mikono nyuma. Punje alikuwa wima kwenye ubao, kidevu juu, hapumui ili asiharibu kipimo. Rula ikalazwa. Mstari ukachorwa. Mtoto akatolewa, na Fundi akaichomoa penseli sikioni, akailaza kati ya mistari miwili.

Ilienea. Juu haikubaki nafasi, chini haikubaki nafasi.

"Rudia, baba," binti alisema.

Akarudia. Alipangusa ubao kwa shati, akarudia tena.

"Penseli moja," alisema, akairudisha sikioni.

Bibi, aliyezichoka penseli moja-moja, aliyezililia ziwe mbili, aliachia kigelegele ambacho kuku wa jirani walikuwa hawajakisikia karibu mwaka mzima. Punje alimtazama kwa mashaka.

"Bibi, nimekuwa mkubwa sana?"

"Hapana, mama. Umekua kidogo tu."

"Mbona unafurahi?"

Bibi alipiga kigelegele kingine. Binti alikuwa anafunga kitambaa kichwani mbele ya kioo cha ukumbini, na ndipo Bibi alipoona kwamba amevaa nguo za kazini, na mkoba uko begani. Binti alimwinua Punje kutoka sakafuni, akamsogeza kwa Bibi.

"Ngoja, ngoja nikanawe," Bibi alisema.

"Umeshanawa, mama. Unanawa tangu alfajiri." Akamweka mtoto juu ya mkono wa bibi yake, mahali pake pa siku zote, shavu kwenye kiwiko kikavu. "Mshike, mimi nachelewa kazini."